Jasusi Asiyeikumbuka Tokyo

Katika From Russia with Love ya mwaka 1963, James Bond anamhoji Tatiana Romanova ndani ya boti mjini Istanbul, na mazungumzo yao yananaswa kwenye mkanda ambao baadaye M, mkuu wake, anausikiliza mbele ya maofisa London. Binti anauliza swali la kichokozi. Bond anaanza kusimulia kisa kilichowapata yeye na M walipokuwa Tokyo, na M anaizima mashine kabla kisa hakijafika popote. Miaka minne baadaye, katika You Only Live Twice, Bond huyohuyo, akiigizwa na Sean Connery yuleyule, yuko Tokyo. Mwenyeji wake, Henderson, anamwuliza kama amewahi kufika Japani. Anajibu kwamba hajawahi kabisa.

Mtu akitaka kulipa jambo hili jina la Kiswahili, atasema ni kosa la mwendelezo. Sina ugomvi na neno mwendelezo. Ninachogombana nacho ni kulitwika mzigo wote: mtu akikutana na jambo lolote lisiloeleweka kwenye filamu hizi, kuanzia tairi hadi kifo, analitupia kwenye kapu hilo moja.

Mwendelezo unatokana na kuendeleza, kitenzi ambacho kamusi zetu zinakipa maana mbili. Ya kwanza ni kulifanya jambo lisonge mbele. Ya pili, ambayo vijana wengi hawaijui tena, ni kuandika neno kwa herufi zake sahihi, kila moja mahali pake. Mwalimu wa zamani alisema “endeleza neno hili”, na aliyeandika “gafula” badala ya “ghafla” alikosa alama hata kama darasa zima lilimwelewa. Naipenda maana hiyo kwa sababu ndiyo hasa inayomhusu mtazamaji wa filamu: hadithi inasomeka, ila kuna herufi moja imekaa vibaya na jicho limekwama hapo.

Shida ni kwamba neno limeshapata kazi nyingine mjini. Ukiambiwa filamu fulani ya Kibongo “mwendelezo wake haujatoka”, wanazungumzia sehemu ya pili. Na kwenye seti ya kupigia picha yule anayekaa na daftari akikumbuka sigara ilikuwa mkono gani na glasi ilijaa kiasi gani ni mtu wa kontinuiti, basi. Mfululizo nao hausaidii, maana mfululizo unasema tu kwamba vitu vimefuatana. Haudai kwamba cha tano kinakikumbuka cha pili. Filamu za Bond za kampuni ya Eon zimefuatana tangu Dr. No ya 1962 hadi No Time to Die ya 2021, jumla yake 25, na nafasi ya stelingi imeshikwa na waigizaji sita. Kufululiza, zimefululiza. Kwenye kuendelea ndipo penye kesi.

Tuanze na kosa ambalo hakuna wakili wa kulitetea. Katika Diamonds Are Forever (1971), Bond anawakimbia polisi wa Las Vegas kwa Ford Mustang nyekundu, Tiffany Case kando yake. Mbele yao kuna kichochoro chembamba kuliko gari. Bond analiinua gari ubavu, linaingia kichochoroni likiwa limesimama kwa magurudumu ya kulia. Linatokea upande wa pili likiwa limesimama kwa magurudumu ya kushoto. Kuingia kulipigwa picha sehemu moja na kutoka sehemu nyingine, na vipande vilipokutana mezani mwa mhariri ikaonekana havilingani. Wakaamua kuziba: wakapachika shoti fupi ya Bond na Tiffany ndani ya gari, miili yao ikilala kutoka ubavu mmoja kwenda wa pili, kana kwamba gari limejigeuza humohumo kichochoroni. Sasa fikiria. Kichochoro ambacho hakilipitishi gari lililokaa sawasawa, na ndiyo sababu pekee ya kuliinua, ghafla kimepata nafasi ya gari kushuka, kukaa sawa, na kupanda tena upande wa pili. Kabla ya kiraka tulikuwa na kosa ambalo wengi wasingeliona. Baada ya kiraka tuna kosa na ushahidi kwamba wenyewe walilijua.

Kosa la namna hii mimi nalitaka liitwe kosa la maungio. Halihusu kumbukumbu ya mhusika wala historia yake. Linahusu vipande viwili vya filamu vilivyoungwa vibaya. Mwishoni mwa Goldfinger (1964) kuna ndugu yake: bomu la nyuklia ndani ya Fort Knox linazimwa, saa yake inasimama kwenye 007, ukumbi unacheka. Muda mfupi baadaye Bond anasema yalibaki mapigo matatu tu. Alikuwa anasema kweli, kwa sababu awali saa ilipangwa isimame kwenye 003. Mtu fulani akaona mzaha wa namba ni mtamu kuliko hesabu, picha ya saa ikabadilishwa na maneno yakaachwa. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo.

Filamu hiyohiyo ina kosa ambalo ni la mizani tu. Jambazi Solo anadai dhahabu yake ya dola milioni moja, anapakiwa kwenye Lincoln Continental pamoja nayo, Oddjob, mtumishi wa Goldfinger, anampiga risasi, gari linafinywa hadi kuwa bonge la chuma na bonge linawekwa nyuma ya pikapu ndogo ya Ford, ambayo inaondoka kama imebeba godoro. Bei rasmi ya dhahabu wakati huo ilikuwa dola 35 kwa aunsi. Piga hesabu: dhahabu peke yake inakaribia kilo 890, na Lincoln yenyewe ina zaidi ya tani mbili. Pikapu ile ingekaa chini papo hapo.

Lakini nimejitoa kwenye njia. Kesi kubwa, ile inayolionea kabisa neno mwendelezo, ni ya Blofeld.

Mwaka 1967, katika You Only Live Twice, Bond na Ernst Stavro Blofeld wanaonana uso kwa uso ndani ya volkano. Donald Pleasence ndiye Blofeld, mwenye kovu na paka mweupe, na anamtambua Bond kwa jina. Mwaka 1969, katika On Her Majesty’s Secret Service, Bond anapanda milima ya Uswisi akijidai kuwa Sir Hilary Bray, mtaalamu wa nasaba. Kavaa miwani na sketi ya Kiskoti, basi. Blofeld, ambaye sasa ni Telly Savalas, anampokea, anakaa naye, anazungumza naye, na hamjui. Bond naye haonyeshi hofu kwamba anaweza kujulikana.

Ukitaka kujua kwa nini, nenda kwenye vitabu. Ian Fleming aliandika On Her Majesty’s Secret Service ikatoka mwaka 1963, na You Only Live Twice ikafuata mwaka 1964. Kwenye vitabu, Uswisi ndiyo mara ya kwanza wawili hawa kukutana, kwa hiyo miwani inatosha. Blofeld anamuua mke wa Bond, Tracy, na Bond anakwenda Japani akiwa mtu aliyevunjika. Filamu ziligeuza mpangilio, Japani ikatangulia. Kisha Peter Hunt, aliyekuwa mhariri wa filamu za awali na sasa amepewa kiti cha mwongozaji, akaamua kukifuata kitabu kwa uaminifu. Alikuwa mwaminifu kwa Fleming, na gharama yake ikawa kuikana filamu iliyotangulia. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuunga vipande ndiye aliyeacha ufa mkubwa kuliko yote, na ninaamini aliuona vizuri sana.

Sasa angalia Blofeld anavyomnasa yule Sir Hilary wa uongo. Bond amesema makaburi ya ukoo wa de Bleuchamp yako kwenye kanisa kuu la Augsburg. Blofeld anamwambia Sir Hilary halisi angejua kwamba hayako hapo, yako kwenye kanisa la Mtakatifu Anna. Filamu iliyosahau sura nzima ya mtu inamfunga jasusi kwa kosa la anwani ya kaburi.

Hilo si kosa la maungio. Hakuna kipande kilichoungwa vibaya, kila shoti imekaa pake. Ni habari mbili ambazo haziwezi kuwa kweli pamoja, na neno mgongano linatosha. Tokyo ni mgongano. Kutomjua Bond ni mgongano. Ila baada ya kuliita hivyo bado kuna swali ambalo halijajibiwa: kwa nini la Tokyo linatuchekesha tu, na la Blofeld linatukera?

Nadhani ni kwa sababu filamu ya 1969 ndiyo iliyodai kukumbuka. Bond anapojiuzulu anafungua droo na kutoa kisu cha Honey Ryder cha Dr. No, saa yenye waya wa kunyongea ya Red Grant, na kifaa cha kupumulia cha Thunderball. Mwanzoni kabisa, mrembo anapomkimbia, George Lazenby, ambaye ndiyo kwanza amerithi nafasi ya Connery, anasema yule mwenzake hakuwahi kufanyiwa hivi. Filamu inatuambia: mimi nina kumbukumbu, hizi hapa nyaraka. Ukishasema hivyo umeshakopa. Kosa linaanzia kwenye deni. Kabla ya hapo ni mchezo tu.

Na mfululizo huu ulikopa mara chache, karibu kila mara kwa ajili ya Tracy. Mwaka 1977 mtu anamtajia Roger Moore ndoa yake na anakatwa kauli. Mwaka 1981, For Your Eyes Only inafunguka kwenye kaburi lake, jiwe likisoma 1943 hadi 1969. Mwaka 1989 rafiki yake Felix Leiter anasema juu ya Timothy Dalton kwamba aliwahi kuoa, zamani sana. Waigizaji watatu, mgane mmoja. Lakini Diamonds Are Forever, iliyokuja mara tu baada ya kifo chake, inaanza na Bond akimsaka Blofeld dunia nzima kwa hasira bila jina la marehemu kutajwa hata mara moja.

Deni jingine liliandikwa waziwazi kwenye skrini. The Spy Who Loved Me ya 1977 ilifunga kwa kuahidi kwamba Bond atarudi katika For Your Eyes Only. Mwaka huohuo Star Wars ikavunja kumbi za sinema, na Bond akarudi na Moonraker, angani. Ahadi ya kwanza ikalipwa miaka minne baada ya kutolewa.

Pale ambapo hakukuwa na deni, watazamaji walikuwa wakarimu kupita kiasi. Felix Leiter wa miaka ya sitini amebadilika sura karibu kila alipoonekana, na hakuna aliyeandika malalamiko. Charles Gray aliyeigiza Henderson, yule mwenyeji wa Tokyo anayechomwa kisu mgongoni, alirudi mwaka 1971 akiwa Blofeld. Maud Adams aliuawa katika The Man with the Golden Gun ya 1974 na kurudi mwaka 1983 akiwa Octopussy mwenyewe. Joe Don Baker alikuwa adui mwaka 1987 na rafiki wa CIA mwaka 1995. Kila mtoto aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda umiza anayajua makubaliano haya bila kufundishwa: stelingi hafi, adui ana mbinu nyingi, na sura ni ya mwigizaji, si ya mhusika. Kuyaita makosa ni kutojua sheria za mchezo.

Wako waliotaka kuyaeleza hata hivyo. Wakaja na nadharia kwamba James Bond si mtu mmoja, ni jina la kazi ambalo kila jasusi mpya hupewa. Nadharia nadhifu, na mgane aliyerithiwa na waigizaji watatu anaivunja. Kama hiyo haikutosha, Skyfall ya 2012 ilitupeleka Scotland kwenye kaburi la wazazi wake, Andrew Bond na Monique Delacroix Bond. Jina la kazi halina baba wala mama.

Kuna kundi la tatu ambalo si kosa wala mgongano. Kwenye ufunguzi wa For Your Eyes Only, mzee mwenye upara, amekaa kwenye kiti cha magurudumu na paka mweupe mapajani, ameiteka kwa rimoti helikopta aliyopanda Bond. Bond anaikomboa, anamnyanyua mzee pamoja na kiti chake, na kumning’iniza juu ya bomba la moshi. Mzee anaomba biashara: atamnunulia Bond duka la vyakula, la chuma kisichoshika kutu. Bond anamdondosha. Mzee hatajwi jina, sura yake haionekani, na duka lile halielezwi hapo wala popote.

Kutotajwa jina kuna sababu, na ni ya mahakamani. Kevin McClory, aliyeshiriki kuandaa hadithi ya Thunderball, alikuwa na mgogoro wa haki na watengenezaji, na Blofeld alikuwa sehemu ya mali iliyogombaniwa. Wakamuua bila kumtaja. Mgogoro ulimalizwa mwaka 2013, na Spectre ya 2015 ikamrudisha kwa jina lake kamili. Duka la chuma halikuhusika kwenye kesi.

Haya nayaita kimya. Kimya hakivunji kitu kilichosemwa, kinakataa kusema. Sylvia Trench, aliyekuwa mpenzi wa Bond katika filamu mbili za kwanza, hatajwi tena, na hakuna aliyetuambia waliachana vipi. Goldfinger anawakusanya wakubwa wa magenge, anawafafanulia mpango wa Fort Knox kwa ramani na mfano wa majengo unaoinuka kutoka sakafuni, halafu anawafungia humo na kuwaua kwa gesi. Alikuwa anamfundisha nani? Sisi, bila shaka, pamoja na Bond aliyejificha chini. Kimya cha aina hiyo kina manufaa kwa mwandishi wa filamu, na anayekiita kosa anadai risiti ya kitu ambacho hakukinunua.

Mwaka 2006 mambo yakageuka. Casino Royale ya Daniel Craig ilianza upya: Bond ndiyo kwanza amepewa leseni ya kuua, Tracy hajawahi kuzaliwa, Tokyo haijawahi kutajwa. Kwa jambo hili Kiswahili cha Tanzania kina neno tayari, tunalisikia kwenye kila taarifa ya habari: kutengua. Uteuzi wa waliotangulia umetenguliwa. Ila ulikuwa utenguzi wa nusu, kwa sababu M alibaki Judi Dench, aliyekuwa bosi wa Pierce Brosnan tangu 1995. Bosi yuleyule, ofisi mpya, kijana asiye na historia.

Filamu hiyo inafunguka, muda mfupi baada ya wimbo wa ufunguzi, kwenye kambi ya waasi msituni, mvua ikinyesha, na maandishi yanasema Mbale, Uganda. Adui wa filamu, Le Chiffre, anakutana hapo na Obanno wa Lord’s Resistance Army. Wanaoijua Mbale, mji wa kahawa chini ya mlima Elgon, wanajua kambi ya LRA haikuwa hapo. Vita vile vilikuwa kaskazini, Uacholi. Msitu wenyewe ulikuwa Black Park, Uingereza. Kosa hilo halikuvunja mwendelezo wa chochote, kwa hiyo hata orodha za makosa hulipita. Mimi sikulipita, kwa kuwa filamu iliyojinadi kwa uhalisia inaanza kulipa uhalisia kwenye jina la kwanza la mahali baada ya wimbo.

Kwa sababu filamu za Craig zilijifunga kukumbukana, kila mgongano wake una bei. Bahamas, mwaka 2006, Bond anashinda Aston Martin DB5 kwenye karata. Usukani uko kushoto. Mwaka 2012 anafungua gereji London, na DB5 iliyomo ina usukani kulia, namba ya Goldfinger, BMT 216A, bunduki mbele, na kiti cha kumrusha abiria ambacho M anatishiwa nacho. Gari hilo lilitoka kwenye maisha yaliyotenguliwa. Ukumbi ulipiga makofi, nami nilipiga, huku nikijua kwamba hapo filamu imekula mahindi ya mbegu.

Kisha Spectre. Blofeld anatangaza kwamba yeye, mtoto wa familia iliyomlea Bond, ndiye aliyekuwa nyuma ya maumivu yote: Le Chiffre, Greene, Silva. Hakuna filamu kati ya tatu zilizotangulia iliyoandikwa hivyo. Wenzetu wana istilahi ndefu ya kueleza hadithi inayorekebishwa kinyumenyume. Sisi tuna kubambikia. Mtu anakamatwa kwa kosa moja, na ghafla faili lake lina kesi tatu za wengine. Tofauti ni kwamba huyu alijibambikia mwenyewe, kwa fahari, akisaidiwa na waandishi.

Kosa moja limebaki, na haliko kwenye filamu yoyote. Katika Moonraker (1979), Jaws, jitu lenye meno ya chuma, anampenda Dolly, msichana mdogo mwenye miwani na mikia miwili ya nywele. Wanatazamana, anatabasamu. Watu wengi sana duniani watakuapia kwamba meno ya Dolly yalikuwa na vyuma vya kuyanyooshea, na kwamba huo ndio mzaha wenyewe: chuma kimekiona chuma. Tazama tena. Hana. Hapa mtazamaji ndiye aliyeona pengo, akaliziba kwa kipande chake, na kiraka chake kimekaa vizuri kuliko kile cha Mustang.

No Time to Die ilivunja sheria ya kibanda umiza: makombora yaliangukia kisiwa na stelingi akafa. Baada ya majina ya wahusika, skrini ikaahidi kwamba James Bond atarudi. Mwaka 2025 Amazon MGM ilichukua usukani wa ubunifu, na Denis Villeneuve akatangazwa kuwa mwongozaji. Kutengua hakuepukiki. Ralph Fiennes akionekana tena nyuma ya meza ya M, nitahesabu kuwa ni utenguzi wa nusu, kama ule wa Dench. Lakini akimtazama Bond mpya na kumuuliza alifikaje kutoka kwenye kile kisiwa, hakuna neno kati ya haya litakalotosha, na wanaistilahi itabidi tuitishe kikao kingine.